Anga Imefungwa na Nani? Jinsi Vita Vinavyopindisha Njia za Ndege

Chukua ramani, weka rula kati ya Kigali na Libreville. Utapata mstari wa kama kilomita 2,300, na zaidi ya nusu yake unapita juu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndege za Rwanda zilizokuwa zikielekea Afrika ya Kati na Magharibi zilipita huko bila taabu hadi Februari 2025. Mwezi huo, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, serikali ya Kinshasa ilizipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga yake. Rula haikuwa na kazi tena. Kongo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na kuizunguka ni safari yenyewe. Rubani wa Rwanda alibakiwa na njia mbili: apande kaskazini kupitia Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, au ashuke kusini kupitia Tanzania, Zambia na Angola. Wakati huohuo ndege za Ethiopia ziliendelea kwenda Kinshasa kama kawaida, zikipita juu ya misitu ileile.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha jambo linalopotea kila tunaposoma habari kwamba “anga imefungwa”. Maneno hayo mawili hubeba mambo matatu tofauti kabisa. Anga yaweza kufungwa kama adhabu, mlango ukafungiwa bendera fulani na kuachwa wazi kwa nyingine. Yaweza kufungwa kwa sababu ya hatari, kwamba makombora yanaruka na yeyote atakayepita anaweza kuuawa. Na kuna hali ya tatu isiyozungumzwa sana, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaishi nayo kuliko wengi: anga iko wazi, ila chini hakuna mtu wa kuiongoza. Mtu akiyachanganya matatu haya, hataelewa kwa nini ndege moja inazunguka na nyingine inapita, wala kwa nini watu 298 waliwahi kuuawa katika anga ambayo kisheria ilikuwa wazi.

Msingi wa yote ni Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila dola ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi kufunga sehemu ya anga kwa sababu za kijeshi au za usalama wa watu, lakini kinataka isibague mataifa inapofanya hivyo. Kisha, karibu na mwisho, kifungu cha 89 kinasema kwamba vita vikizuka, mkataba hauzuii uhuru wa nchi husika kutenda. Unaona ugumu ulipo: anayeshika ufunguo wa anga ni dola, na wakati wa vita dola hiyo ni mmoja wa wapiganaji.

Mlango unaofungiwa bendera

Kufunga anga kama adhabu si jambo geni Afrika. Mei 1963, viongozi waliokutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana, pamoja na mengine, kuzinyima ndege za Afrika Kusini ruhusa ya kupita, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Njia ya zamani ya South African Airways kwenda Ulaya ilipita Nairobi na Khartoum. Ilipozibwa, ndege za makaburu zililazimika kufuata bahari na kuuzunguka mwili wote wa Afrika Magharibi, zikitua kujaza mafuta Luanda au katika kisiwa cha Sal, kule Cape Verde, maeneo yaliyokuwa bado chini ya Ureno. Katika miaka ya 1970 shirika hilo lilinunua Boeing 747SP, toleo fupi lenye uwezo wa kwenda mbali sana bila kutua, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa mzunguko huo. Kila ninapokitazama kisiwa cha Sal kwenye ramani, kijidoa cha chumvi na mchanga katikati ya Atlantiki, huona jinsi azimio la nchi maskini zilizokuwa ndiyo kwanza zimepata uhuru lilivyoweza kuwaongezea saa kadhaa za safari watu waliojiona hawagusiki.

Adhabu ya aina hii haijaacha kutumika. Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilizifungia ndege za Qatar, na kwa miaka mitatu na nusu ndege za kutoka Doha kuja Afrika zilizunguka upande wa Iran na Oman. Tarehe 27 Februari 2019, India na Pakistan zilipopigana angani, Pakistan ilifunga anga yake, na njia za kutoka na kwenda India zikabaki zimezibwa hadi Julai 16. Safari ya moja kwa moja ya IndiGo kutoka Delhi kwenda Istanbul ikabidi itue Doha kuongeza mafuta. Hapo kuna somo ambalo wanasiasa hulisahau: ndege inayopita hulipa ada. Waziri wa usafiri wa anga wa Pakistan mwenyewe alisema nchi yake ilipoteza rupia bilioni 8.5 katika miezi hiyo. Mwaka 2025 nchi hizo mbili zikafungiana tena. Aprili mwaka huohuo Algeria na Mali nazo zikafungiana baada ya droni kudunguliwa mpakani.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Urusi. Baada ya majeshi yake kuivamia Ukraine Februari 24, 2022, Umoja wa Ulaya ulizifungia ndege za Urusi, na Februari 28 Urusi ikajibu kwa kuzifungia ndege za nchi 36. Siberia ndiyo njia fupi kati ya Ulaya na Mashariki ya Mbali, na kwa miongo mingi Urusi ilikuwa ikiyatoza mashirika ya Ulaya mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kwa ruhusa ya kupita hapo. Hakuna aliyeumia kama Finnair. Shirika hilo la Finland lilijijenga juu ya jambo moja: Helsinki iko mahali ambapo ndege inaweza kwenda mji mkubwa wa Asia na kurudi ndani ya saa 24. Machi 2022 safari ya Helsinki–Tokyo, iliyokuwa haifiki saa 10, ikawa ya saa 13 hivi, ikipita juu ya Ncha ya Kaskazini.

Wazee wa sekta hii hawakushangaa. Wakati wa Vita Baridi Urusi ya Kisovieti ilikuwa imefunga anga hiyohiyo, na tangu 1957, SAS ilipofungua njia ya Copenhagen–Tokyo kupitia Anchorage, mji huo wa Alaska ulikuwa kituo cha mafuta cha dunia nzima. Abiria wa London na Paris waliokwenda Japani walinyoosha miguu hapo, katikati ya theluji. Siberia ilipofunguliwa, Anchorage ikabakiwa zaidi na ndege za mizigo. Njia za ndege zina kumbukumbu. Mlango ukifungwa leo, wapangaji wa safari hufungua ramani za baba zao.

Ila safari hii kuna tofauti. Mashirika ya China hayakufungiwa. Yanapita juu ya Siberia, yanachoma mafuta machache na kufika mapema, huku Mwingereza akizunguka kusini kupitia Uturuki na Asia ya Kati. Virgin Atlantic iliacha safari za Hong Kong mwaka 2022 na za Shanghai Oktoba 2024. British Airways nayo ikasimamisha za Beijing mwezi huohuo. Tiketi haikuuzwa tena kwa sababu hesabu iligoma.

Hesabu yenyewe hukosewa na wengi. Mtu husema: saa tatu zaidi angani ni mafuta ya saa tatu zaidi. Lakini mafuta yana uzito, na uzito huo nao unahitaji mafuta ya kuubeba. Makadirio yanayotumika ni kwamba kila saa ya safari ndefu huteketeza kama asilimia 3 au 4 ya uzito wa ziada uliopakiwa. Ukiongeza tani 10 za mafuta kwa safari ya saa 13, zaidi ya tani 3 zitakuwa zimeungua kwa kazi ya kuyabeba mafuta yenyewe. Isitoshe, ndege ina kikomo cha uzito wa kuruka. Mafuta yakipanda, kitu lazima kishuke, na kinachoshuka kwanza ni mzigo. Kwa ndege inayotoka Nairobi kwenda Ulaya, mzigo huo ni maua, maharagwe mabichi na samaki, mali ya watu wasiojua kabisa kwamba kufungwa kwa anga mahali fulani kumewagusa. Juu ya hayo, sheria za uchovu hudai marubani wa ziada. Ndege iliyokuwa ikirudi nyumbani ndani ya siku moja sasa hukosa safari yake ya kesho, na abiria wa kuunganisha hufika kituo cha kati ndege yake ikiwa imeshaondoka.

Futi 32,000

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa naomba tutulie kidogo.

Julai 2014 mashariki ya Ukraine kulikuwa na vita. Juni 14 ndege ya kijeshi aina ya Il-76 ilidunguliwa Luhansk na watu 49 wakafa. Julai 14 ikadunguliwa An-26 ya jeshi, ikiwa juu kuliko kombora la kubebwa begani linavyoweza kufika. Siku hiyohiyo Ukraine ilifunga anga ya eneo hilo hadi futi 32,000. Juu ya hapo iliachwa wazi.

Siku tatu baadaye ndege ya Malaysia Airlines, safari namba MH17 kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilikuwa ikipita hapo kwenye futi 33,000. Ilipigwa na kombora la Buk. Watu wote 298 walikufa. Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyochunguza ajali hiyo, ilihesabu ndege 160 zilizopita juu ya eneo hilo siku ile kabla anga haijafungwa yote, na wakati MH17 inapigwa kulikuwa na ndege nyingine tatu za abiria katika eneo lilelile la uongozaji. Hakuna rubani aliyevunja sheria. Kati ya anga iliyofungwa na anga iliyo wazi palikuwa na futi 1,000, wakati kombora lenyewe lina uwezo wa kufika mara mbili ya kimo hicho.

Kwa nini haikufungwa yote? Bodi ilisema wazi kwamba Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha kuifunga. Ikasema pia kwamba nchi zenye vita ndani ya mipaka yake ni nadra sana kufunga anga zao kwa hiari. Mimi naona sababu hazifichiki sana. Kufunga ni kukiri mbele ya dunia kwamba hutawali tena anga yako. Kufunga ni kupoteza ada wakati hazina inazihitaji zaidi. Na mara nyingine anga yenye ndege za raia humfaa anayejiandaa kwa mapigano. Januari 8, 2020, saa chache baada ya Iran kurusha makombora kwenye kambi zenye wanajeshi wa Marekani nchini Iraq, uwanja wa ndege wa Tehran ulikuwa ukifanya kazi kama siku nyingine yoyote. Marekani ilikuwa imeshayakataza mashirika yake kupita huko usiku uleule. Ndege ya abiria ya Ukraine iliruka alfajiri, na Walinzi wa Mapinduzi wakaidungua wakidhani ni silaha ya adui. Watu 176 walikufa.

Kwa hiyo leo uamuzi wa njia hupita mikononi mwa wengi. Yupo mwenye anga. Ipo serikali ya shirika la ndege, inayoweza kuyakataza mashirika yake yasipite mahali ambapo mwenyewe anasema ni salama. Ulaya nayo ina wakala wake wa usalama wa anga, EASA, unaotoa maonyo kwa kanda za vita. Lipo shirika lenyewe na kitengo chake cha usalama. Na yupo mtu wa bima, ambaye hajulikani kwa abiria ila neno lake ni zito: akisema ndege ikipita hapo haina bima ya vita, mjadala umekwisha. Ndiyo maana siku moja utaona shirika moja linapita juu ya nchi fulani na lingine linazunguka. Wamesoma hatari ileile, wameipima kwa mizani tofauti.

Hatari ina tabia nyingine tofauti na adhabu: hutokea ghafla, na huwakuta watu wakiwa angani. Jioni ya Juni 23, 2025, Iran iliporusha makombora kwenye Al Udeid, kambi yenye wanajeshi wa Marekani nchini Qatar, Qatar ilifunga anga yake, na majirani zake kadhaa wakafanya hivyo kwa saa chache. Zaidi ya ndege 90 za Qatar Airways zilizokuwa njiani kwenda Doha zilielekezwa kwingine, Saudi Arabia, Uturuki, India, Oman, zikiwa na abiria zaidi ya 20,000. Anga ilifunguliwa usiku uleule, ila kuwarudisha watu na ndege kwenye nafasi zao kulichukua muda zaidi. Watu wetu wengi wanaofanya kazi Ghuba, na wengi zaidi wanaokwenda Ulaya, Marekani na Asia kupitia Doha na Dubai, wamejengea safari zao juu ya viwanja hivyo viwili vya jangwani. Atakayesafiri kipindi cha wasiwasi na asome bima yake ya safari, maana nyingi huondoa madhara ya vita. Na aulize ndege ni ya shirika gani hasa, kwa kuwa jina lililo kwenye tiketi na bendera iliyo kwenye mkia si lazima vifanane, na kinachopata ruhusa ya kupita ni bendera.

Anga yenye ukimya

Njia ya asili kutoka Nairobi, Entebbe, Dar es Salaam au Johannesburg kwenda Ulaya hufuata Mto Nile: Sudan Kusini, Sudan, Misri. Aprili 15, 2023 mapigano yalizuka Khartoum kati ya jeshi na Vikosi vya Msaada wa Haraka, RSF. Ndege ya abiria ya Saudia iliyokuwa ikijiandaa kuondoka kwenda Riyadh ilipigwa risasi uwanjani siku hiyohiyo, na Sudan ikafunga anga yake. Ndege zikasukumwa mashariki, kupitia Ethiopia, Eritrea na Bahari ya Shamu, ama magharibi, kupitia Afrika ya Kati na Chad. Lakini magharibi, kaskazini ya Chad kuna Libya, ambayo mashirika mengi yalikuwa yakiikwepa miaka mingi. Kisha Agosti 6 wanajeshi waliopindua serikali ya Niger nao wakafunga anga yao, wakaifungua Septemba 4. Kwa wiki hizo nne ukitazama ramani ya ndege uliona anga karibu tupu juu ya Niger, Libya na Sudan, na pembeni yake ndege zimesongamana kama magari yaliyochepushwa barabarani.

Lakini kwa maoni yangu jambo zito zaidi lilitokea Sudan Kusini, na halikupata kichwa cha habari. Juba iliongoza ndege hadi futi 24,500 tu. Juu ya hapo, ambako ndege zote kubwa za masafa marefu huruka, kazi ilikuwa ikifanywa na Khartoum tangu nchi hizo zilipokuwa moja. Wafanyakazi wa Khartoum walipokimbia risasi, sehemu hiyo ya juu ikabaki bila sauti. Haikuwa imefungwa. Ndege ziliendelea kupita.

Rubani hufanyaje katika anga isiyo na mwongoza ndege? Anatega redio kwenye masafa ya 126.9, ambayo yametumika barani Afrika kwa miaka mingi kwa hali kama hizi, na anajitangaza: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, kimo fulani, naelekea kule, nitafika kituo kinachofuata dakika fulani. Kisha anasikiliza. Mwingine akisema yuko kimo kilekile na njia zao zinakutana, wanaelewana wao kwa wao nani apande na nani ashuke. Kuna kanuni kwamba zinazoelekea mashariki hushika vimo vya namba witiri na zinazoelekea magharibi vya namba shufwa, lakini Afrika njia nyingi huenda kaskazini na kusini, na pale tofauti kati ya mashariki na magharibi huwa ni nyuzi chache tu za dira. Kinga ya mwisho ni kifaa kilichomo ndani ya ndege kinachowaamuru marubani wapishane pale zinapokaribiana mno. Ndivyo watu waliolala na blanketi magotini walivyokuwa wakivuka usiku.

Ukimya huu unaweza kudumu kizazi. Serikali ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, uongozaji wa anga yake ulianguka nayo, na kwa zaidi ya miaka 20 huduma ya kuwapa marubani taarifa ilitolewa na ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kutoka ofisi iliyokuwa Nairobi. Taarifa tu, hapakuwa na wa kuwatenganisha. Kazi ilirudishwa Mogadishu mwishoni mwa 2017, watu wakafunzwa, mitambo ikanunuliwa, na Januari 2023 anga ya juu ya Somalia ikaanza tena kuongozwa kikamilifu, baada ya miaka 30. Mwaka mmoja baadaye, mvutano wa Mogadishu na Hargeisa, makao ya Somaliland iliyojitangazia uhuru, ulipopamba moto, marubani waliopita kaskazini ya nchi hiyo waliripoti kupewa maelekezo yanayopingana kwenye redio, kutoka kwa sauti mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo yenye anga.